Kompyuta ya Michezo Inapochemka: Tafuta Chanzo Kabla ya Kulipa

Mada iliyotolewa kwa walaji wa Sitalike, Mkoa wa Katavi



Leo tunazungumzia kompyuta mpakato zenye nguvu kubwa, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya michezo ya video na ambazo vijana huziita laptopu za gemu. Tunazungumzia hasa lalamiko linalosikika sana juu yake, yaani kupata joto kupita kiasi, kupiga kelele, kupunguza kasi na hatimaye kuzimika ghafla.

Huenda mzee mmoja akajiuliza, michezo ya vijana inaihusu vipi elimu ya mlaji? Inaihusu kwa sababu mashine hizi hazichezewi tu. Prosesa na kadi ya picha zinazoendesha mchezo ndizo zinazohitajika kuhariri video ya harusi, kusafisha picha za wanyama ambazo waongoza watalii hupiga hifadhini, na kuchora ramani za majengo. Kijana anayeinunua mara nyingi ananunua kitendea kazi. Fedha iliyotumika inaweza kuwa mpunga wa msimu mzima, ng'ombe waliouzwa, au mchango wa ndugu watatu. Ikiharibika, hasara huingia katika nyumba zaidi ya moja.

Ninaomba tuondoke hapa na jambo moja kichwani. Joto ni dalili, na dalili moja inaweza kuwa na vyanzo vingi. Vyanzo vingine unaviondoa mwenyewe bila kutoa hata shilingi. Vingine ni kazi ya fundi. Vingine ni wajibu wa aliyekuuzia au aliyeitengeneza mashine. Mlaji anayelipa kabla ya kujua chanzo ni chake, cha fundi au cha muuzaji, yuko katika hatari ya kulipa mara mbili.

Joto hutoka wapi

Umeme unaoingia katika kompyuta huishia karibu wote kuwa joto. Tazameni maandishi yaliyo kwenye chaja. Chaja ya kompyuta ya kawaida ya ofisini huandikwa wati 45 au 65. Chaja ya kompyuta ya michezo huandikwa wati 180 au 230, na nyingine hufika wati 330. Mchezo mzito unaweza kuifanya mashine itumie wati 200 kwa muda wote unaocheza. Sasa fikirieni pasi ya umeme ya wati 1000. Moja ya tano ya joto la pasi hiyo imefungiwa ndani ya kasha lenye unene wa sentimita 2 au 3. Haijapatikana mashine inayofanya kazi hiyo bila kupata joto. Mtengenezaji anachoweza kufanya ni kulitafutia joto hilo njia ya kutokea.

Ninyi wa Sitalike mnaiona njia kama hiyo mkimtazama tembo. Masikio yake yamejaa mishipa ya damu. Mwili ukipata joto, damu hupita masikioni, tembo huyapepea, na damu hurudi mwilini ikiwa imepoa. Ndani ya kompyuta, kazi ya damu hufanywa na mabomba membamba ya shaba yanayobeba joto kutoka kwenye prosesa na kadi ya picha hadi pembeni, penye mapezi membamba ya madini yaliyopangwa kama meno ya kitana. Feni huvuta hewa, kwa kawaida kupitia matundu ya chini, na kuisukuma katikati ya mapezi hayo itokee nyuma au ubavuni. Kati ya prosesa na shaba hupakwa krimu nzito inayopitisha joto, ambayo mafundi huiita pesti.

Kwa hiyo yapo mambo manne ya kukumbuka: hewa inayoingia isiwe ya moto, matundu yawe wazi, feni izunguke, na pesti isiwe imekauka. Karibu kila tatizo la joto linagusa moja kati ya hayo manne, au limetokana na kazi kubwa kuliko uwezo wa mashine.

Mazingira yetu

Mashine hizi husanifiwa kwa watu wengi wanaoishi katika vyumba vyenye ubaridi wa kutosha. Huku kwetu mambo ni tofauti. Mwezi wa Septemba na Oktoba, Mto Katuma unapobaki madimbwi na viboko wakabanana katika maji yaliyosalia, chumba cha bati kisicho na dari huwa na joto kuliko hata kivuli cha mwembe ulio nje. Jambo hili lina hesabu yake. Kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka chumbani huongeza takriban nyuzi moja ndani ya mashine. Kompyuta inayofika nyuzi joto 80 za Selsiasi katika chumba cha nyuzi 22 itakaribia 92 katika chumba cha nyuzi 34, ikifanya kazi ileile. Mashine haijaharibika, ila hewa inayopewa imekwisha kupata joto kabla ya kuingia.

La pili ni vumbi. Vumbi la kiangazi, likichanganyika na moshi wa jikoni, huganda kwenye mapezi yale kama blanketi dogo. Feni inaendelea kuzunguka na kupiga kelele, lakini hewa haipiti. Mashine iliyokaa Dar es Salaam katika ofisi yenye madirisha yaliyofungwa inaweza kumaliza miaka miwili bila kusafishwa. Hapa, iangalie kila baada ya miezi michache, na usikose kuisafisha kiangazi kinapokwisha.

La tatu ni kitanda. Vijana wengi hucheza usiku ndani ya chandarua, kompyuta ikiwa juu ya godoro au blanketi. Matundu yako chini, na blanketi limeyaziba yote. Hiki ndicho chanzo cha kwanza cha kuangalia, na kukiondoa hakuna gharama yoyote. Kanuni hiyo inahusu pia begi. Usifunike kompyuta na kuitia begini kabla hujahakikisha kwamba imezimika kabisa, kwa maana mashine inayoendelea kufanya kazi ndani ya begi haina mahali pa kutolea joto.

La nne ni umeme. Anayetumia sola ajue kwamba chaja ya wati 230 inaweza kuvuta zaidi ya wati 250 kutoka kwenye inveta, kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea ndani ya chaja yenyewe. Inveta ndogo ya wati 300 itakuwa inafanya kazi ukingoni mwa uwezo wake, nayo itachemka pamoja na chaja. Anayetumia jenereta ajihadhari na umeme unaopanda na kushuka. Chaja nyingi zinakubali volti 100 hadi 240, lakini hazikubali kila mshtuko.

Joto la kawaida na joto la hatari

Mlaji anahitaji kutofautisha mambo haya mawili, kwa sababu akiogopa joto la kawaida atatapeliwa, na akipuuza joto la hatari ataungua.

Ni kawaida kompyuta ya michezo ikicheza mchezo mzito feni zake zisikike chumba kizima, eneo lililo juu ya vitufe liwe la moto, na kipimo cha ndani kionyeshe nyuzi 80 hadi 90 na kitu. Prosesa nyingi za aina hii zimewekewa ulinzi. Zikikaribia kikomo chake, ambacho kwa nyingi ni kati ya nyuzi 95 na 105, hupunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Ndiyo maana mchezo huanza vizuri, kisha baada ya dakika 20 ukaanza kukwama. Ipo programu ya bure iitwayo HWiNFO inayoonyesha vipimo hivyo. Anayejua kuvisoma hategemei maneno ya mtu.

Si kawaida mashine kuwa ya moto hali imewashwa tu bila kazi yoyote. Si kawaida feni kukaa kimya huku kasha likiunguza, wala feni kukwaruza kama inasaga mchanga. Si kawaida kuzimika ghafla mara kwa mara. Harufu ya plastiki inayoungua, chaja isiyoshikika kwa mkono, au kasha lililoinuka katikati hadi sehemu ya kugusia chini ya vitufe ikavimba, hizo ni ishara za kuzima papo hapo na kuchomoa umeme.

Hatua zisizo na gharama

Fanya hatua hizi kwa kufuatana, na baada ya kila moja cheza mchezo uleule kwa nusu saa uone kama kuna mabadiliko. Ukifanya zote kwa pamoja, hutajua ni ipi iliyokusaidia.

Kwanza, iweke kompyuta juu ya meza ngumu, na inua upande wa nyuma kwa vipande viwili vya mbao au vifuniko vya chupa ili hewa ipite chini. Usizibe matundu ya nyuma kwa ukuta. Feni ya mezani ikipuliza kuelekea mashine husaidia pia. Usiweke barafu, kitambaa chenye maji, wala usiiingize kwenye friji. Unyevu utaganda ndani na kuua kile ambacho joto halijakiua.

Pili, cheza au fanya kazi nzito asubuhi na usiku, na mchana wa jua kali uache kazi nyepesi. Anayehariri video anaweza kupanga ile sehemu ndefu ya kutoa video nzima ifanyike baada ya jua kuzama.

Tatu, punguza mzigo. Katika mipangilio ya mchezo, weka kikomo cha picha 60 kwa sekunde. Mashine nyingi hutengeneza picha 100 au zaidi ambazo kioo chenyewe hakiwezi kuzionyesha zote, na kila picha ya ziada ni joto la bure. Punguza vivuli na ubora wa picha hatua moja. Kwa wenye mfumo endeshi wa Windows, katika mipangilio ya umeme ipo nafasi ya kuweka kiwango cha juu cha prosesa. Katika mashine nyingi, ukikishusha kutoka asilimia 100 hadi 99, prosesa huacha ile kasi ya ziada ya kujisukuma, na joto hushuka kwa kiasi kinachoonekana.

Nne, angalia kama kuna programu inayofanya kazi bila wewe kujua. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utaona orodha ya programu na kiasi ambacho kila moja inatumia. Michezo ya wizi na programu zilizovunjwa kufuli, zinazopitishwa mkono kwa mkono katika flashi, huweza kubeba virusi vinavyotumia mashine yako kuzalisha sarafu za kidijitali kwa faida ya mtu usiyemjua. Wewe unalipa umeme na unabaki na joto.

Tano, ondoa vumbi. Zima kabisa, chomoa chaja, subiri ipoe. Puliza matundu kwa kopo la hewa au kipulizio kidogo, kwa mipulizo mifupi, huku umezuia feni isizunguke kwa kijiti cha meno. Feni inayozungushwa kwa nguvu ya upepo huharibika. Usipulize kwa mdomo, kwa kuwa unapeleka mate. Usitumie pampu ya kujazia upepo matairi, kwa kuwa ina nguvu kupita kiasi na mara nyingi hutoa maji na mafuta. Kama mashine bado ina waranti, soma masharti yake kabla ya kugusa skrubu hata moja, maana kufungua kasha kunaweza kuwa sababu ya kunyimwa haki yako.

Kuhusu betri

Hapa naomba wazazi mnisikilize kwa makini. Betri za litiamu huchukia joto. Huchakaa upesi zikichajiwa katika joto kali, na ikiwa kiini chake kimeharibika zinaweza kushika moto. Betri iliyovimba haitengenezwi. Usiitoboe ili kutoa upepo, usiikandamize irudi, usiichome wala kuitupa shimo la taka. Zima mashine, iweke nje ya nyumba juu ya saruji au mchanga, mbali na watoto na vitu vinavyoshika moto, kisha muite fundi aitoe. Usiache kompyuta ikichaji usiku kitandani au karibu na chandarua.

Chaja nayo ichaguliwe kwa kusoma, si kwa kuangalia kama ncha inaingia. Volti iwe ileile iliyoandikwa kwenye mashine, na wati zisipungue. Chaja ya wati 65 kwenye mashine inayohitaji 230 itachemka yenyewe, na betri itaendelea kuisha huku umechomeka.

Unapokwenda kwa fundi

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana wa hapa anahariri video za harusi. Mwezi wa Oktoba kompyuta yake inaanza kuzimika kila baada ya dakika 15, na Jumamosi ana kazi aliyokwisha kupokea malipo ya awali. Anapanda gari hadi Mpanda. Fundi wa kwanza anaigusa, anatikisa kichwa, anasema madabodi imeungua, yaani ule ubao mkuu wa kompyuta, na kwamba gharama ni laki nne. Kijana amekwisha kukopa laki mbili njiani. Kabla ya kulipa, anauliza swali moja: "Samahani fundi, naomba unionyeshe ulichopima." Fundi hana alichopima. Fundi wa pili anafungua kasha mbele yake, anatoa vumbi lililoganda kwenye mapezi, anabadilisha pesti iliyokauka, kisha wanaiendesha kwa nusu saa wakitazama kipimo. Haizimiki.

Sisemi kwamba kila mashine inayozimika ina vumbi tu, wala kwamba mafundi si waaminifu. Tunao mafundi hodari na wenye heshima, na baadhi yao wamo humu. Ninasema kwamba kuna mpangilio unaopaswa kufuatwa. Kusafisha na kubadilisha pesti hutangulia, kwa sababu ni rahisi na ndiko kwenye tatizo mara nyingi. Feni hufuata. Madabodi huja mwisho, na huja kwa ushahidi wa vipimo.

Kabla ya kumwachia fundi mashine, nakili kazi zako mahali pengine. Andika namba ya utambulisho iliyo chini ya kasha na upige picha. Pata makadirio ya gharama kwa maandishi, na mkubaliane kwamba hatabadilisha kifaa kingine bila kukupigia simu. Kifaa kilichotolewa urudishiwe ukione. Uliza pesti inayotumika ni ya kompyuta, kwa kuwa dawa ya meno na grisi ya baiskeli, ambazo wengine hujaribu, hukauka au kuvuja. Na jihadhari na ahadi ya kuifufua chipu kwa kuipuliza hewa ya moto. Mashine huweza kuwaka kwa wiki kadhaa, kisha ikafa tena hali malipo hayarudi.

Kabla ya kununua

Kompyuta nyingi za michezo zinazofika kwetu ni zilizotumika ng'ambo. Si vibaya kununua iliyotumika, ila tatizo la joto halionekani kwa kuwasha na kuangalia kioo. Linaonekana kwa kazi. Mwambie muuzaji mwanzoni kwamba utaijaribu kwa nusu saa ikiwa na mchezo au video nzito, ikiwa imechomekwa katika chaja yake yenyewe. Gusa, sikiliza, nusa. Weka kiganja penye matundu ya kutolea hewa uone kama upepo wa moto unatoka. Upepo dhaifu penye mashine ya moto ni dalili ya vumbi au feni mbovu. Angalia kama skrubu za chini zimekwaruzwa au zimepungua, kwa sababu zinakueleza kwamba kasha limefunguliwa. Muuzaji akikataa jaribio hilo, amekwisha kukujibu.

Usikubali neno gemu kwa sababu ya taa za rangi kwenye vitufe au stika iliyobandikwa. Fungua mipangilio ya mashine usome jina la prosesa na la kadi ya picha, kisha hakikisha majina hayo ndiyo yatakayoandikwa kwenye risiti. Kama kazi yako ni kuandika barua, kutunza hesabu na kusoma, huhitaji mashine hii kabisa. Kompyuta ya kawaida itakugharimu kidogo, haitakuunguza mapaja, na sola yako itaimudu.

Haki yako

Kuna nyakati ambapo mlaji amefanya yote yanayompasa na mashine bado inachemka, kwa sababu kosa ni la aliyeitengeneza. Hili limewahi kuyapata makampuni makubwa. Mwezi wa Agosti 2006 kampuni ya Dell ya Marekani ilitangaza kurudisha betri milioni 4.1 za kompyuta mpakato, zilizotengenezwa na Sony, kwa kuwa zingeweza kupata joto kali na kushika moto. Mwezi wa Julai 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya gharama za chipu za picha za kompyuta mpakato zilizokuwa zikiharibika kwa sababu ya udhaifu wa malighafi zilizotumika, na joto la matumizi likichangia. Katika visa vyote viwili, aliyejua aina na namba ya mashine yake aliweza kufuatilia. Ndiyo sababu tunasisitiza namba ile uiandike siku ya kwanza, na uiangalie katika tovuti ya mtengenezaji kama kuna tangazo la kurudishwa kwa bidhaa.

Hapa nchini, Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu aina, ubora au sifa za bidhaa. Aliyekuuzia mashine iliyotumika akakwambia ni mpya, au akakuandikia kadi ya picha ambayo haimo, amevunja sheria. Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya aina hiyo, na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, linahusika na bidhaa zisizokidhi viwango, ikiwa ni pamoja na chaja hatari. Ipo pia Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214. Kwa kawaida, mnunuzi akimweleza muuzaji wa bidhaa hizo matumizi anayoyakusudia na akategemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Kwa hiyo usiwe bubu dukani. Sema, "Nataka mashine ya kuhariri video kwa saa nne kwa siku," na uombe maneno hayo yaandikwe.

Lakini sheria hiyo pia inakutaka uwe macho. Ukiikagua bidhaa, kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuionyesha ni vigumu kuidai baadaye. Ndiyo maana ile nusu saa ya majaribio ina thamani kubwa. Ama lile tangazo la ukutani lisemalo bidhaa ikishauzwa hairudishwi, linaweza kumzuia mnunuzi aliyebadili mawazo tu. Halimpi muuzaji ruhusa ya kudanganya.

Dai lako litasimama juu ya karatasi. Dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa na bei halisi uliyolipa. Pata waranti iliyoandikwa muda wake, na ni nani hapa nchini atakayeihudumia, maana waranti ya ng'ambo huenda isitambuliwe huku. Tatizo likitokea, acha kutumia mashine, usiifungue, piga picha au rekodi video ya hitilafu, kisha mwandikie muuzaji mapema. Asipojibu, peleka lalamiko ukiwa na risiti, picha na barua hiyo. Mlalamikaji mwenye vielelezo husikilizwa upesi kuliko mwenye hasira.

Ndugu zangu, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kompyuta inayopiga kelele leo inakuonyesha ufa. Jioni ya leo, mwenye mashine hiyo aishushe kutoka kitandani, aiweke mezani, ainue nyuma yake, na asikilize kama kelele zimepungua. Zikipungua, ameokoa fedha. Zisipopungua, ameanza kujua chanzo, na atakapokwenda kwa fundi au kwa muuzaji atakwenda na swali lenye maana.

Sasa nawakaribisha mafundi mnisahihishe, na vijana mniulize.